Kiluwiri wa Bwawani: Tazama Ubavu Kabla ya Kutaja Jina

Msomaji wa Kisauni ametuma picha ya ndege wa kahawia aliyetoka kwenye matete, anauliza kama ni mgeni wa kutoka Ulaya. La. Ni mtoto wa kiluwiri mweusi (Zapornia flavirostra), na kila msimu ndiye anayewapoteza watu.

Mkubwa hana utata: mweusi tii, mdomo wa manjano unaoelekea kijani, jicho jekundu, miguu myekundu. Tena haoni haya, hutembea peupe juu ya yungiyungi akichezesha mkia. Mtoto wake ndiye tabu. Mgongo wa kahawia, chini kijivu, koo jeupejeupe, na miguu iliyofifia. Rangi ya miguu usiitegemee hata kidogo, maana tope huifunika. Mtazame ubavuni, nyuma ya bawa hadi kwenye paja. Ukiona kijivu kitupu, bila mlia hata mmoja, umepata jibu.

Milia myeusi na myeupe ikishuka mpaka tumboni, na uso na kifua ni vya kijivu, huyo ni kiluwiri mwingine, Crecopsis egregia. Usimtafute kwenye maji marefu. Yeye hupenda majani yaliyolowa, pembezoni mwa bwawa au kwenye mpunga, hasa masika. Akishtuka huruka chinichini, miguu inaning'inia, kisha anadondoka majanini mbele kidogo. Kumfukuza ni kujichosha. Atakimbia kwa miguu na hutamwona tena.

Wageni wenyewe wapo, kati ya Novemba na Aprili. Kiluwiri wa Ulaya, Porzana porzana, ana vidoa vyeupe shingoni na kifuani, mdomo wa manjano wenye wekundu shinani, na chini ya mkia rangi ya malai isiyo na milia. Kiluwiri mwingine, Zapornia pusilla, si mgeni tu, huzaliana Afrika pia; ni mdogo mno, amemzidi shomoro kidogo tu. Mdomo wake kijani kote na chini ya mkia ana milia. Ule wekundu wa shinani hupotea kivulini, kwa hiyo picha moja ya simu haitoshi.

Fika alfajiri, jua likuchomozee mgongoni. Chagua mahali penye ukanda wa tope kati ya matete na maji, kaa chini kama mita 15 kutoka hapo, na uelekeze darubini kwenye mwanya kabla ndege hajatokea, kwa sababu akivuka ni sekunde chache. Mpe nusu saa. Andika ubavu kwanza, kisha chini ya mkia, kisha mdomo. Mgongo uje mwisho. Karibu wote ni wa kahawia.

Na jamani, acheni kuwachezea sauti za simu wakati wa kutaga. Ndege huacha mayai yake aje kupigana na spika, kwa ajili ya picha ambayo mara nyingi inaonyesha mgongo tu. Za namna hiyo msinitumie, sitakuwa na la kuwajibu.