Maswali ya Wasomaji: Mlio Mfupi, Toni Mbili

SWALI: Nimerekodi mlio wa milisekunde 20 wenye toni mbili, ya hezi 440 na ya hezi 466, lakini kompyuta, kwenye mchoro wa nguvu ya kila masafa, inanichorea kilima kimoja kipana. Je, nikiongeza sufuri mwishoni mwa data nitaziona zote mbili?

JIBU: La. Sufuri hulainisha mchoro tu, kwa kuwa programu hukokotoa nukta nyingi zaidi kwenye mkunjo uleule. Kinachotenganisha masafa ni urefu wa muda: gawanya 1 kwa sekunde 0.02, nawe utapata hezi 50, ambazo ndizo takriban pengo dogo kabisa linaloweza kuonekana, ilhali toni zako zimeachana kwa hezi 26 pekee. Katika muda huo toni ya kwanza huzunguka mara 8.8 na ya pili mara 9.32, yaani zimepishana kwa takriban nusu mzunguko, nao ni ushahidi mdogo mno. Kuongeza kasi ya kuchukua sampuli, yaani idadi ya vipimo kwa sekunde, nako hakutakufaa hapa. Dirisha la Hann, yaani kufifisha mlio taratibu kwenye ncha zake mbili kabla ya kukokotoa, ambalo wengi hulitumia kwa mazoea, hupunguza uvujaji wa nishati kwenda masafa mengine lakini huupanua mkunjo karibu mara mbili, hivyo hali yako itazidi kuwa mbaya. Ukiweza, rekodi milisekunde 40 au zaidi. Usipoweza, na ikiwa una hakika kwamba toni ni mbili tu na kelele ni kidogo, linganisha data moja kwa moja na jumla ya mawimbi mawili, ukitafuta masafa yanayoacha masalio (tofauti kati ya data na jumla hiyo) madogo kabisa.