Je, Ni Dhambi Watoto Kuigiza Habari za Yesu Kanisani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Malindi. Tunaandaa igizo la Yesu kutuliza dhoruba (Marko 4:35–41), na kila mtoto atashiriki: wengine watatikisa leso ziwe mawimbi, wengine watakaa chomboni. Mzee mmoja wa kanisa amelikataza, akisema kumwigiza Yesu ni kufanya sanamu, na kuigiza ni uongo. Tena yumo mtoto ambaye baba yake alikwenda kuvua wakati wa upepo wa kusi asirudi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu wangu, hilo la mwisho ndilo lililonikosesha raha, lakini nianze na la mzee, kwa kuwa maneno kama hayo yanawavunja moyo walimu wengi wanaojitolea. Kutoka 20 inakataza sanamu inayofanywa ili isujudiwe. Ni nani atakayemsujudia mtoto aliyejifunga shuka, akalala shetrini, yaani nyuma ya chombo, juu ya mto wa nyumbani kwao? Na kama kuigiza ni uongo, basi nabii Ezekieli alidanganya alipochora Yerusalemu juu ya tofali na kuuzingira, tena kwa amri ya Mungu mwenyewe (Ezekieli 4), na nabii Agabo alidanganya alipojifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo (Matendo 21:11). Mwongo hutaka aaminiwe. Mtoto anayetikisa leso anajua, na sisi tunajua, kwamba ni leso. Lau mzee angekataza Yesu kutiliwa maneno ya mzaha ili watu wacheke, ningesimama upande wake.

Sasa huyo mtoto. Usimpe nafasi yoyote kabla hujakwenda kuzungumza na mama yake, wala usimwache nje kimyakimya, maana wenzake watauliza. Linaloniogofya katika igizo lako ni lile fundisho jepesi la mwishoni, kwamba mwenye imani bahari haimdhuru. Mtoto atarudi nyumbani akijiuliza kama baba yake hakuomba vya kutosha. Paulo alivunjikiwa jahazi mara tatu (2 Wakorintho 11:25), na hakuna anayethubutu kumwita asiye na imani. Waache watoto wote wapaze kilio cha wanafunzi, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?", na huyo mtoto pia akipenda, nawe usikimbilie kukifafanua. Mama akiona bado ni mapema, chukua habari ya mikate mitano na samaki wawili; nayo ina kazi ya kila mtoto.