Alizeti zangu zimeota matawi: je, nyuki wameniletea mbegu ya porini?

SWALI: Daktari, hujambo. Nina ekari moja ya alizeti huku Ruai, na mashine ndogo ya kukamua mafuta. Mwaka jana nilipanda mbegu chotara ya dukani, ikatoka sawasawa kana kwamba imepimwa kwa rula. Msimu huu bei ya mbegu ilinishinda, nikapanda zile nilizoweka akiba kutoka mavuno yale. Sasa shamba ni vurugu: mingine mirefu, mingine mifupi, na baadhi imeota matawi yenye vichwa vidogo vidogo, kama ile alizeti pori iliyojaa kando ya mto na kandokando ya Eastern Bypass. Jirani anasema nyuki wamenichanganyia mbegu, nifyeke maua yote ya porini. Ni kweli? Alizeti pori ziko za aina gani hasa, na je, mbegu zake zinakamulika?

JIBU: Mama, nyuki hawana hatia, na ile mimea ya kando ya mto pia haina. Hayo matawi uliyanunua mwenyewe mwaka jana, yakiwa ndani ya pakiti. Nitafika huko, lakini kwanza tutenganishe majina, maana hapa Nairobi "alizeti pori" ni jina la mimea mitatu au minne isiyo hata ya jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu.

Ile ya kando ya mto ni tithonia, Tithonia diversifolia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huku ililetwa kama ua la kupamba na kuzungushia boma, kisha ikajiendea yenyewe. Waluo huiita akech, kwa uchungu wake. Ukitaka kuitambua bila kubahatisha, beba kisu. Jani lake limegawanyika kama vidole, vitatu hadi vitano, ilhali jani la alizeti lina umbo la moyo. Kata kikonyo cha ua chini kidogo ya kichwa: cha tithonia kimevimba kama tarumbeta na ndani ni kitupu. Halafu ngoja mvua ziishe uone. Alizeti ikishakomaa hufa, shina likabaki kuni. Tithonia ni kichaka cha miaka mingi. Ukiifyeka leo, msimu ujao inakutazama tena ikiwa na urefu wa mita mbili au tatu.

Ina ndugu yake, Tithonia rotundifolia, ya maua ya rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu. Hiyo huishi msimu mmoja tu, na inapovamia mahali husonga mimea mingine. Ya tatu ni mwenyeji wa hapa Afrika, Aspilia mossambicensis: majani yanaota mawili mawili yakitazamana, yanakwaruza kama msasa, na kichwa chake cha manjano hakizidi sana sarafu ya shilingi ishirini. Wengi huipita bila kuiona. Sokwe wa Gombe na Mahale, kule Tanzania, wameonekana wakimeza majani ya aspilia mazima bila kuyatafuna, jambo lililowaweka watafiti katika mjadala wa miaka mingi kuhusu wanyama kujitibu.

Hakuna hata mmoja kati ya hao unaoweza kuzaa na alizeti yako shambani. Chavua ya tithonia ikitua kwenye kichwa cha alizeti inakuwa vumbi tu. Kwa hiyo panga la jirani yako lipumzike.

Alizeti pori za kweli, za jenasi ya Helianthus, ni spishi zipatazo 50, na zote kwao ni Amerika Kaskazini. Mama wa alizeti tunayokula sisi ni Helianthus annuus ya porini, spishi ileile uliyopanda wewe. Wenyeji wa mashariki ya Amerika Kaskazini waliigeuza zao la shambani zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na ukiilinganisha na ya shambani utashangaa walichokifanya. Ya porini ina matawi mengi na vichwa vingi vidogo. Vichwa haviivi pamoja, mbegu ikikomaa hupukutika chini, na ikishaanguka hulala usingizi, nyingine ikiota mwaka huu na nyingine miaka ya baadaye. Mche mmoja kwa kawaida haujichavushi wenyewe, lazima nyuki alete chavua ya mwenzake. Kwa mmea unaojitegemea hizo zote ni akili. Kwa mkulima ni hasara tupu, ndiyo maana walichagua, kizazi baada ya kizazi, ile yenye shina moja na kichwa kimoja kikubwa kinachoshika mbegu.

Kule Marekani, basi, jirani yako angekuwa na hoja. Alizeti pori na ya shambani ni spishi moja, nyuki huzichanganya, na wakulima huhangaika na magugu yanayofanana na mazao. Hapa Ruai, hoja hiyo haina miguu.

Nyingine nyingi zinajulikana kwa mahali zilipochagua kuishi. Helianthus argophyllus ya Texas imefunikwa manyoya meupe laini kama hariri, jani likionekana la fedha, hupenda mchanga. Helianthus debilis hutambaa fukweni Florida. Helianthus anomalus huota kwenye vilima vya mchanga vya Utah na Arizona, mahali ambapo hata magugu husitasita. Na kwa kuwa najua maji ya visima vya upande wenu yalivyo na chumvi, hii utaipenda: Helianthus paradoxus huishi kwenye vinamasi vya chumvi vya Texas na New Mexico. Ni adimu kiasi kwamba tangu mwaka 1999 inalindwa na sheria ya Marekani. Anomalus na paradoxus, pamoja na deserticola ya jangwani, zote ni watoto wa ndoa moja: annuus na petiolaris zilikutana, zikazaa, na wazao wakaenda kuishi pale ambapo wazazi wao wasingedumu. Wanasayansi wa mageuzi wamezichunguza sana kwa sababu hiyo.

Za miaka mingi nazipitia haraka. Helianthus maximiliani ni ya nyika za nyasi. Helianthus tuberosus hutoa viazi chini ya ardhi vinavyoliwa, vyenye inulini, aina ya sukari ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya, badala ya wanga wa kawaida, navyo hujaza tumbo gesi kweli kweli. Alizeti yako ina kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, 34; tuberosus ina 102, lakini wazalishaji wa mbegu wameweza kuzichanganya na kuchota humo kinga dhidi ya magonjwa.

Sasa turudi kwenye pakiti yako, kwa kuwa mmoja wa hao wa porini yumo ndani.

Ua la alizeti lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Kutengeneza mbegu chotara kwa wingi kunahitaji mama asiyetoa chavua, la sivyo ungelipa watu wakae shambani na kibano wakinyofoa sehemu za kiume za kila kijiua, kimoja kimoja. Mwaka 1969 mtafiti Mfaransa, Leclercq, alieleza mimea tasa upande wa kiume aliyoipata baada ya kuchanganya Helianthus petiolaris ya porini na alizeti ya shambani. Utasa huo hurithiwa kwa mama. Haukupita muda ikapatikana jeni inayorudisha uzazi, ambayo huwekwa kwa upande wa baba, na alizeti chotara ikaenea duniani. Hadi leo sehemu kubwa ya mbegu chotara za alizeti inabeba urithi huo wa petiolaris.

Baba naye ana siri yake. Wazalishaji wengi hupenda baba mwenye matawi, maana vichwa vingi vinavyofunguka kwa zamu hutoa chavua kwa siku nyingi. Jeni ya matawi anayobeba ni ya kujificha. Chotara wa kwanza, ile uliyopanda mwaka jana, humeza tabia hiyo na kutoka na shina moja, zote sawa. Ukipanda mbegu zilizotoka kwao, jeni zinagawanyika upya, na kwa wastani mche mmoja kati ya minne unamrudia babu. Hiyo ndiyo vurugu unayoiona.

Ukitaka kuhakikisha, nenda shambani asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, upitishe kidole kwenye vichwa kadhaa. Vingi vitakupaka unga wa manjano. Baadhi, pengine robo yao, kidole kitatoka kikavu: hao wamerudia utasa wa bibi yao, yule mama aliyezaa chotara. Nyuki ndio wanaowaletea chavua kutoka kwa wenzao, na bila wao vichwa hivyo vingekuwa maganda matupu. Kwa hiyo, mama, usipulize dawa wakati wa maua.

Mavuno ya mwaka huu kamua yote, mafuta ni mazuri kama ya mwaka jana, ila kilo zitapungua. Vichwa vya matawi havitakauka pamoja. Vuna mara mbili au ndege watakutangulia. Lakini usiweke hata punje moja kwa kupanda. Kama lengo lako ni kuhifadhi mbegu yako mwenyewe, waombe dukani mbegu isiyo chotara, ile ya uchavushaji huria. Hiyo unaweza kuirudia, ukichagua vichwa vizuri vya katikati ya shamba, na ikiwa jirani hana chotara karibu, maana nyuki husafiri kilomita kadhaa.

Tithonia usiikamue. Mbegu zake ni vijipunje vyenye sharubu mbili kichwani, utakusanya mpaka mgongo ukatae, na kwa mmea uliojaa kemikali chungu namna ile simshauri mtu kupeleka mafuta yake jikoni. Utajiri wake uko kwenye majani. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba majani mabichi ya tithonia, yakipimwa ukavu wake, yana naitrojeni asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1. Maana yake, katika kila tani ya majani makavu kuna kilo 35 za naitrojeni na 41 za potasiamu. Majani yakiwa mabichi ni maji kwa wingi, kwa hivyo kubeba ndiko kazi. Ekari nzima itakushinda, lakini vitalu vya sukuma wiki havitakushinda. Kata ncha laini kabla hazijakomaa, zikatekate, uzifukie wiki moja hivi kabla ya kupanda.

Kama baada ya haya bado una mche usioelewa ni wa ukoo gani, ukate pamoja na ua, majani na mbegu, uubane katikati ya magazeti ukauke, kisha uupeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa. Ung'oe na kipande cha mzizi, ndicho watu husahau.