Usinunue hisa eti kwa sababu mkutano mkuu umekaribia

Usiweke hiyo oda! Umeandika kwamba mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni unayotaka hisa zake ni Alhamisi ijayo, dalali wako anakuhimiza ununue sasa kabla bei haijapaa ili upate na gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa. Kwanza fungua tangazo la matokeo ya mwaka, shuka hadi kwenye aya ya gawio, utafute tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, yaani siku ambayo jina lako lazima liwemo ili ulipwe gawio. Ikiwa imeshapita, gawio hilo ni la aliyekuuzia.

Bodi hupendekeza gawio siku inapotangaza matokeo, mara nyingi wiki kadhaa au hata miezi kabla ya mkutano. Bei huitikia siku ile ile. Mkutanoni wanahisa hupiga kura kuidhinisha tu, na katika kampuni nyingi hawaruhusiwi kulipandisha juu ya pendekezo la bodi. Sasa hiyo bei ipae kwa habari gani mpya?

Hata kama daftari halijafungwa, jina lako haliingii siku unayonunua, linaingia malipo na hisa vikishabadilishana mikono. Soko likichukua siku 3 za kazi na daftari linafungwa Ijumaa, mwisho wa kununua ni Jumanne. Likichukua siku 2, ni Jumatano. Marekani tangu Mei 2024 ni siku 1, kwa hiyo Alhamisi. Kesho yake hisa inauzwa bila gawio, na kwa kawaida bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe.

Piga hesabu. Hisa 1,000 kwa 100 kila moja, gawio 6, kodi ya zuio (inayokatwa kwenye gawio kabla hujalipwa) 10%, ada ya dalali 1.5%. Umelipa 100,000 na ada 1,500. Bei inafungua 94, unauza, unapata 94,000 ukitoa ada 1,410. Gawio baada ya kodi ni 5,400. Jumla umepoteza 3,510, na kampuni haijafanya kosa lolote!

Dalali anayekwambia "wahi kabla ya mkutano" bila kukutajia tarehe ya daftari anakukosea sana. Yeye ada yake anaipata ukinunua, anaipata tena ukiuza. Na hao wataalamu wa magrupu wanaotuma chati za bei iliyopanda "kabla ya mkutano" wanakuonyesha athari ya matokeo, mkutano wanausingizia tu.

Mkutano husogeza bei pale tu unapoleta jambo ambalo soko halikulitegemea: mwenyekiti akitoa makadirio mapya ya mauzo, mkurugenzi akikataliwa kwa kura, au azimio la kuuza hisa mpya kwa bei ya chini likipita au likikwama. Maazimio yote yamo kwenye notisi ya mkutano. Soma hasa yale maalumu, ambayo sheria za nchi nyingi zinataka yapite kwa 75% ya kura.

Ukishasoma na bado unaitaka kampuni yenyewe, subiri hisa ianze kuuzwa bila gawio, kisha weka oda yenye kikomo cha bei. Usiseme "nunua kwa bei yoyote", maana kwenye hisa zenye wauzaji wachache oda ya namna hiyo inaipandisha bei dhidi yako mwenyewe.