Tuzo ya London (yaani uamuzi wa wasuluhishi) inaweza kutenguliwa, yaani kufutwa, nchi nyingine?

Haiwezekani, ndugu. Usuluhishi ukiwa na makao London, kutengua tuzo ni kazi ya mahakama za huko. Mahakama ya nchi zilipo mali za mdaiwa inaweza kukataa kuitekeleza, basi, tena kwa sababu chache za kifungu cha 5 cha Mkataba wa New York wa 1958, unaohusu kutambua na kutekeleza tuzo za usuluhishi za kigeni: mhusika hakupewa taarifa ya shauri, wasuluhishi wamevuka mipaka, sera ya umma na kadhalika. Kwamba wasuluhishi walikosea sheria, hiyo haimo. Ufaransa ndiyo kiboko: imewahi kutekeleza hata tuzo zilizotenguliwa kwingine! Kuhusu kutengua penyewe, tazama kesi ya Nigeria dhidi ya kampuni ya P&ID: tuzo ya zaidi ya dola bilioni 11, ikatenguliwa na mahakama ya London 2023 kwa rushwa na ulaghai.