Simu ya mlinzi na usalama wa nchi: jibu kutoka Ngamiani

Mwenzetu ameuliza vita vya siku hizi, vya droni na kompyuta, vinamhusu nini mtu wa kawaida wa Tanga asiye na bunduki wala cheo. Nitajibu kama fundi simu wa Ngamiani.

Kijana mmoja, mlinzi wa mahali pasiporuhusiwa kupigwa picha, aliniletea simu iliyopasuka kioo. Kazi ilipokwisha tulijaribu kamera, na akanionyesha picha aliyojipiga akiwa lindoni. Nikamfungulia maelezo yake: tarehe, saa, kisha nyuzi 5 kusini na 39 mashariki, na desimali zake zikatufikisha kwenye ramani hadi langoni aliposimama. Akaniuliza, "Fundi, haya nani kayaandika?" Nikamjibu kuwa ni yeye, siku alipoiruhusu kamera isome mahali alipo. WhatsApp huyafuta maelezo hayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili husafiri nayo.

Wakubwa nao yamewakuta. Mwanzoni mwa 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya wakimbiaji, inaonyesha njia za mazoezi za askari wa Marekani ndani ya kambi za Afghanistan na Syria. Usiku wa kuamkia 2023, makombora ya Ukraine yaliangukia jengo walimolala askari wa Urusi huko Makiivka, mji wa mashariki mwa Ukraine uliokuwa mikononi mwa Urusi. Urusi yenyewe ilitaja vifo 89, na kusema chanzo kikuu ni askari kutumia simu zilizopigwa marufuku.

Sisi wa Tanga tukisimulia vita vya Novemba 1914, vya Waingereza na Wajerumani, huanza na nyuki waliowavamia askari, na sibishi kwamba waliuma. Lakini kabla ya nyuki ilitangulia habari: manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia kwanza kutangaza kwamba mapatano ya kutopigana yamevunjwa, na muda uliopita hadi mapigano makubwa ukamtosha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, wakalishinda jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000. Wakati ule habari ilihitaji siku mbili ili igeuke risasi. Leo droni iliyokwisha kuruka inahitaji dakika chache tu.

Yule kijana aliizima ruhusa ile palepale kwenye meza yangu. Nilipomuuliza picha alizokwisha kuzituma ni ngapi, na kwa nani, hakukumbuka.