Feni ya hita ya Eunos Roadster inayounguza rezista: pima mota kwanza

Ndugu, umeeleza kwamba Eunos Roadster yako ya 1991 inapuliza hewa pale tu unapoweka swichi kwenye namba 4, yaani kasi ya juu kabisa, kwamba rezista mpya (kifaa kinachopunguza mkondo ili feni izunguke polepole) ilirudisha namba 1 hadi 3 kwa muda mfupi kisha ikaungua, na kwamba gereji sasa inataka kubadilisha swichi. Nakushauri usikubali kwanza. Gari langu ni la toleo hilohilo la kwanza la Mazda MX-5, nalo liliingizwa Uingereza kutoka Japani kama lako. Lilikuwa na ugonjwa huuhuu, na chanzo chake kilikuwa mota ya feni.

Katika namba 4 mkondo haupiti kwenye rezista kabisa, ndiyo maana namba hiyo hubaki nzima hata rezista ikifa. Katika namba za chini mkondo wote wa mota hupita kwenye nyaya za rezista, ambazo zimewekwa ndani ya njia ya hewa ili feni yenyewe izipoze. Sasa fikiria mota iliyokauka beringi au iliyokwama majani makavu yaliyoingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Inazunguka kwa shida, kwa hiyo inavuta ampea nyingi zaidi, na wakati huohuo inapuliza hewa kidogo ya kupoza. Joto katika rezista hukua kwa mraba wa mkondo: ukitoka ampea 5 kwenda 7, joto linakaribia kuongezeka maradufu. Rezista mpya haiwezi kustahimili hali hiyo, hata iwe bora namna gani.

Kabla ya kufungua chochote, zima gari, weka swichi kwenye namba 4 (namba za chini hazifanyi kazi rezista ikiwa imeungua), kisha washa ufunguo bila kuwasha injini, usikilize. Feni nzima huanza kuzunguka mara moja na kwa ulaini. Ikisita, ikilia, au ikianza tu baada ya kugonga kasha lake kwa mpini wa bisibisi, basi beringi zimekauka au makaa ya mota (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) yamekwisha. Katika gari letu, usukani ukiwa kulia, feni iko upande wa abiria, chini ya dashibodi, na unaifikia ukiwa umelala kwenye sakafu ya gari na tochi mkononi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha volti, plagi ya mota ikiwa imechomekwa. Swichi katika gari hili iko upande wa hasi, yaani umeme wa chanya unaingia kwenye mota kwanza, kisha unatoka kwenda kwenye rezista, swichi na bodi ya gari. Kwa hiyo ufunguo ukiwa umewashwa na swichi ikiwa imezimwa, utakuta karibu volti 12 kwenye nyaya zote mbili za mota, jambo ambalo limewapoteza mafundi wengi wakadhani kuna shoti. Weka namba 4: waya wa kutoka unapaswa kushuka karibu na sifuri. Ukibaki juu, mkondo umekatika baada ya mota, kwenye swichi au kwenye waya wa bodi, na hapo gereji yako itakuwa na hoja. Ukishuka na mota isizunguke vizuri, ubaya uko ndani ya mota. Ukiweza kuazima mita ya kubana (ile inayozunguka waya na kupima ampea bila kuukata) inayosoma mkondo wa betri, linganisha ampea kabla na baada ya kusafisha feni, kwa maana tofauti hiyo itakuonyesha ukweli ambao omita (kipima ukinzani) haiwezi kuuonyesha.

Nilipotoa mota yangu, skurubu zikiwa chache tu, ekseli yake haikuweza kuzunguka kwa kidole bila kukwaruza, na bawa la feni lilikuwa limejaa uchafu wa majani uliogandamana. Niliweka mota nyingine nzima, kwa sababu makaa yake pia yalikuwa yamebaki mafupi sana.

Usisahau plagi ya rezista. Yangu ilikuwa na plastiki iliyogeuka kahawia na pini moja iliyolegea, na pini iliyolegea huzalisha joto lake yenyewe, hivyo nilikata na kuweka pini mpya zenye unene unaofaa. Tafadhali usiunganishe rezista kwa kipande cha waya ili tu upate hewa asubuhi za baridi. Joto lile liko nyuma ya mazulia na plastiki, na fyuzi haitakatika kwa wakati.

Ukishaweka mota na rezista mpya, acha feni namba 1 kwa robo saa, kisha shika plagi. Inapaswa kuwa vuguvugu. Ikiwa huwezi kuiacha mkononi, rudi kwenye pini kabla ya kufunga dashibodi.